Pilipili za Meza Kumi na Mbili

Bibi yangu alikuwa haoni vizuri, na macho yake nilikuwa mimi. Kesi yenyewe imeishia hapo. Yaliyobaki ni ushahidi.

Alivuka kutoka Sengerema kuja kwetu Ilemela kwa ajili ya macho hayo hayo. Mtoto wa jicho, pande zote mbili, pamoja na goti ambalo lilikuwa halitaki mlima, na sisi tunakaa mlimani. Vyumba viwili vya kupanga juu kwenye mawe, mahali ambapo ukidondosha chungwa unaenda kulifuata ziwani. Hospitali wakamwambia asubiri zamu yake ya kupasuliwa. Basi mwanamke aliyelima pamba na mihogo maisha yake yote akakalishwa kwenye kigoda mlangoni, akawa mtu wa kuulizwa kila baada ya nusu saa, "Mama, umekunywa chai?"

Starehe yake nilikuwa mimi. Kwetu bibi na mjukuu ni watani, kwa hiyo aliniita mume wangu, na mimi nikamwita mke wangu, hata mbele ya mchungaji.

"Mume wangu, umeniletea nini kutoka shuleni?"

"Sifuri ya hesabu, mke wangu."

"Itie kwenye sufuria, tutalia ugali."

Ndivyo tulivyokuwa. Nayasema haya mapema ili ujue nilikuwa na nini kabla sijakiharibu.

Pilipili zenyewe alizipata hospitalini. Tumekaa kwenye benchi, mimi namsikilizia namba zinazoitwa, ghafla akaniuliza, "Kile kitu cha rangi rangi pale dirishani ni nini?" Ulikuwa ni mmea kwenye chungu, kijiti kifupi kisichofika goti, kimejaa pilipili ndogo za mviringo zilizosimama zikitazama juu. Nyingine zambarau, nyingine njano, nyingine rangi ya chungwa, nyingine nyekundu, zote kwenye mti mmoja. Kilikuwa kitu cha kwanza alichokiona bila kuambiwa tangu afike Mwanza. Akamwomba nesi pilipili moja iliyokauka. Nesi akacheka, akasema hizo ni za pambo tu, bibi, zinawasha balaa, halafu akanyoosha mkono ampe. Bibi akarudisha wake nyuma.

"Weka hapo kwenye benchi, mwanangu. Pilipili sipokei mkononi. Tutagombana bure na hata hatujuani."

Nesi akaiweka. Bibi akapapasa benchi, akaiokota, akaifunga kwenye pindo la kanga. Mimi nilicheka mpaka namba yetu ikatupita.

Kutoka kwenye pilipili ile alipata mti mmoja, ukakaa mlangoni ndani ya kopo la rangi. Tungeweza kuishia hapo. Lakini mwezi wa tatu mjomba, anayekaa Mkolani kwenye nyumba yenye geti, aliita kikao cha ukoo. Binti yake anaolewa, kutakuwa na sendofu, yaani sherehe ya kumuaga nyumbani, na kila mtu ataje ahadi yake. Watu wakasimama mmoja mmoja. Huyu mbuzi, huyu mchele, yule muziki. Walipomaliza, Bibi akajiinua kwa fimbo.

"Meza zitakuwa ngapi?"

"Kumi na mbili, mama," mjomba akasema.

"Maua ya mezani ni yangu. Meza zote."

Mama mkubwa, yaani dada yake mama, ambaye sauti yake haijui kunong'ona, akasema, "Mama, wewe kaa tu. Kazi yako ni kutubariki."

"Kubariki ni dakika mbili," Bibi akajibu. "Baada ya hapo nifanye nini?"

Watu wakacheka, mjomba akaandika kwenye daftari: maua, Bibi. Tulipokuwa tunapanda mlima kurudi, mimi nimemshika mkono, aliniambia kitu ambacho nilikisikia vizuri kabisa, kwa hiyo siwezi kusema sikujua. Alisema, "Mume wangu, wameshaanza kunihesabu pamoja na viti. Siku ile nataka mtu akae mezani, aone kitu kizuri, aulize ni cha nani, aambiwe ni changu. Basi."

Kesho yake akapasua pilipili nyekundu zilizokauka juu ya gazeti. Akapaka mikono mafuta ya kula kwanza, kwa sababu sabuni peke yake haiondoi ule muwasho, na kwa macho yale asingetaka kukosea. Akaziloweka mbegu, akazifunga kwenye kitambaa kibichi, kitambaa kwenye mfuko wa plastiki, mfuko akauchomeka kiunoni ndani ya kanga. Mbegu za pilipili zinataka joto, na upepo wa ziwani asubuhi hauna huruma. Siku nane alitembea nazo. Akipita mtu karibu anasema, "Taratibu, natamia." Nilikwenda kuwatangazia darasa zima la kidato cha tatu kwamba bibi yangu anatotoa pilipili. Nikaigiza na mwendo wake, mkono kiunoni, fimbo mbele. Walikufa kwa kicheko. Hiyo nayo iandikwe, ingawa ndiyo ndogo kuliko zote.

Mbegu zikapasuka, kila moja na kimkia cheupe. Tukazihamishia kwenye trei za mayai. Udongo kwetu ni shida, mlima wote ni jiwe, kwa hiyo nilibeba kwa ndoo kutoka bondeni, nikachanganya na mchanga na samadi iliyooza, nikachekecha, huku mke wangu ananisimamia kama mnyapara. Miche ilipotoa majani sita tukaipandisha kwenye makopo ya rangi niliyotoboa chini kwa msumari wa moto. Alinifundisha kuikata ncha.

"Ikate kichwa. Usipoikata itarefuka kama wewe, juu hakuna kitu."

Na kila aliponipa kitu cha pilipili, mbegu au mche, alikiweka kwanza juu ya jiwe, mimi nikakiokota. Nikimnyooshea mkono makusudi ili kumchokoza, ananipiga kidogo kwa fimbo. "Unataka tuachane?"

Makopo kumi na mawili mlangoni kwa vyumba viwili ni mengi. Wapangaji wenzetu wakalalamika kwamba wanapita kama wanaruka viunzi, na ukuta wa jirani ulituzibia jua. Ikabidi nihamishie makopo yote juu ya jiwe kubwa nyuma ya choo, jiwe refu kunishinda, lenye vishimo viwili vya kukanyagia. Juu pale jua lipo kutwa nzima, na jiwe likishika joto halipoi mpaka jioni. Pilipili zilipenda. Bibi hakuweza kupanda. Akawa anakaa chini ananiuliza, mimi najibu kutoka juu kama mwadhini.

"Zinasemaje?"

"Zambarau zimeanza!"

"Makopo mangapi?"

"Tisa!"

Wakati huo nilikuwa nasema kweli. Mwanzoni mwa mwezi wa saba kila kopo lilikuwa na rangi zote nne, na ukisimama barabarani chini ungedhani mtu amemwaga shanga juu ya mwamba.

Sasa shule. Mimi shuleni nina cheo kimoja tu, cha mchekeshaji, na cheo hicho hakina likizo. Siku moja nilibeba pilipili tatu mfukoni. Nikampa kiranja wa usafi, nikamwambia ni zabibu za Ulaya, mjomba kaleta. Alitafuna zote tatu. Ndugu yangu, yule mtu alizunguka darasa akitafuta bomba ambalo halipo. Tulilala juu ya madawati kwa kucheka. Kesho yake watu walinisubiri getini: "Umekuja nazo?" Nikawa nachuma asubuhi wakati wa kumwagilia, mbili kopo hili, mbili lile, nagawa mkono kwa mkono, na kila nikigawa najisemea moyoni, haya, tugombane basi. Niliona ni utani juu ya utani.

Halafu ikaja mechi. Shule jirani walikuja kucheza kwetu, na mashabiki wao walikuwa na mdomo. Wenzangu wakasema, mwanangu, leo ndiyo leo. Asubuhi ile nilipanda juu ya jiwe na kontena langu la chakula, nikaanza kuchuma. Nilijiambia nitaacha nusu. Kontena likawa halijajaa. Nikajiambia zitatoka nyingine, si maua yapo? Bibi alishanifundisha kwamba kutoka ua hadi rangi nyekundu ni kama miezi miwili, lakini nilikuwa nimeyapangisha masikio yangu kwa mtu mwingine siku hiyo. Sendofu ilikuwa imebaki wiki mbili. Niliacha kopo moja tu bila kuligusa, na si kwa huruma. Kontena lilijaa.

Uwanjani nilizigawa kama pipi, bure, karibuni wageni. Sitaeleza kilichotokea. Wale walilia, wetu walicheka, nikabebwa mabegani. Mwalimu wa zamu alinifagilisha uwanja wiki nzima, na hata kufagia nilifagia kwa madaha.

Jioni ya siku ile nilipanda kumwagilia. Makopo kumi na moja ya majani. Huku na huku pilipili moja changa, ya zambarau, kama iliyosahaulika na mwenyewe. Chini Bibi akakohoa.

"Mume wangu, zinasemaje?"

Ningeweza kusema pale. Wiki mbili zilikuwa zinatosha mjomba kutafuta maua mengine, na Bibi angekuwa na muda wa kunipiga fimbo, na ingeisha. Nikasema, "Zimejaa, mke wangu."

"Mbona nikitazama huko juu leo sioni rangi?"

"Jua linakupiga machoni."

Akainua mikono juu. "Basi niteremshie nishike."

Nikamteremshia lile kopo lililopona. Akalipapasa kwa vidole polepole, pilipili moja baada ya nyingine, midomo inacheza kama anasali. "Imejaa kweli. Lete nyingine." Nikapanda na kopo, nikakaa juu kidogo, nikateremka na lile lile. Akashika. "Hii nayo imejaa kama ile." Nikapanda, nikateremka nalo mara ya tatu. Akashika, akacheka peke yake, akasema, "Yatosha, usichoke. Mungu ameniona."

Na mimi nilipogeuka nilikuwa nimebana kicheko. Hilo ndilo linaloniamsha. Nilimdanganya, sawa, lakini kilichoniondoa usingizi ni kwamba lilinichekesha. Nilishaanza kupanga nitakavyolisimulia darasani.

Siku ya sendofu mjomba alituma pikapu. Nilipakia makopo yote kumi na mawili mwenyewe, nikayafunika kwa shuka ili, nilimwambia Bibi, yasichafuke na vumbi. Alivaa gauni jipya la kitenge na viatu vinavyombana. Njia nzima kuelekea Mkolani alishikilia fundo la kanga yake na kuniuliza kama breki za dereva ni nzuri, asije akazimwaga.

Mpambaji alikuwa kijana mwenye penseli sikioni na haraka nyingi. Alifunua shuka, akatazama, akanitazama. "Bibi si alisema za rangi?"

"Moja ina rangi," nikasema.

"Moja niiweke wapi? Kaka, nina meza kumi na mbili." Akaita wenzake, makopo yakapelekwa nyuma, karibu na mafiga ya wapishi. Kutoka kwenye gari lake akatoa sanduku la maua ya plastiki, mekundu, akapanga meza zote kwa dakika kumi. Mimi nilikuwa nimesimama pale. Nilipewa kazi ya kugawa soda, nikaishika kama mtu aliyeokolewa.

Bibi alikalishwa meza ya mbele. Nilimwona kwa mbali anasubiri. Hakugusa kitu mwanzoni, alikaa na mikono mapajani kama mtoto aliyeambiwa asubiri keki. Kisha mshereheshaji akashika kipaza sauti, akafungua karatasi ya ahadi, akaanza kushukuru. Mbuzi, makofi. Mchele, makofi. "Na maua haya mazuri mnayoyaona mbele yenu, ndugu wageni waalikwa, ni jasho la bibi yetu mpendwa! Bibi, simama wakuone!"

Alisimama. Makofi na vigelegele. Akainua mkono, akasema, "Wabeja, wabeja," asante zake za Kisukuma, huku mkono wa pili ukishuka mezani kutafuta kazi yake. Ukalipata ua. Vidole vikazunguka petali, vikashuka kwenye kikonyo, vikasimama. Watu bado wanapiga makofi. Akaendelea kusimama na kutabasamu mpaka yakaisha, ndipo akakaa.

Nilitamani niwe kreti la soda.

Akaniita kwa mkono, kwa kupunga tu hewani, kwa sababu hakujua niko upande gani. Nikaenda.

"Zangu ziko wapi?"

"Nyuma, Bibi."

"Nipeleke."

Nilimpeleka katikati ya moshi na masufuria. Akainama kwa shida, akashika kopo la kwanza. Majani. La pili, majani. Alikwenda nayo yote, moja moja, hakuruka hata moja, na wapishi wakaacha kukoroga wakatazama. Alipofika kwenye lile lenye pilipili vidole vyake vikapanda hadi ukingoni mwa kopo. Pale palikuwa na bonde, mahali lilipogongwa zamani. Sikuwahi hata kuliona lile bonde.

"Hili," alisema polepole. "Hili nililishika mara tatu."

Nikatazama mafiga.

"Nyingine ulikula?"

"Hapana."

"Uliuza?"

"Hapana, Bibi. Niligawa shuleni. Nilikuwa nachekesha watu."

Akafikiri. "Walicheka?"

"Ndiyo."

"Sana?"

"Sana."

"Haya," akasema.

Nimewahi kuchapwa na mwalimu mkuu mstarini mbele ya shule nzima, nimewahi kuanguka na suruali kuchanika siku ya mahafali. Hakuna kilichowahi kunivua nguo kama ile "haya". Alichuma pilipili moja nyekundu kutoka kwenye kopo lenye bonde, akaifunga kwenye pindo la kanga, akasema, "Nirudishe mezani, wasije wakadhani nimeanguka."

Mama mkubwa alikuwa ameshanusa jambo. "Mama, haya maua si ya plastiki? Zile pilipili zako vipi?"

Nikafunga macho.

"Ndege wamekula," Bibi akasema.

"Ndege gani hao wanakula pilipili?"

"Wapo. Hawana haya."

Meza nzima ikacheka. Ni mara ya kwanza watu kucheka nikiwa karibu na nikatamani wanyamaze. Bibi yangu, ambaye haongopi hata kwa mkusanya kodi wa sokoni, aliongopa mbele ya ukoo mzima, na alinisitiri mimi.

Baada ya siku ile hakunikasirikia kwa namna ambayo ungeweza kuishika. Alinijibu salamu. Nikimwambia, "Shikamoo," anasema, "Marahaba, mjukuu." Mjukuu. Nilijaribu mara moja, nikaingia na mikwara yangu, "Mke wangu, leo tunakula nini?" Akasema, "Muulize mama yako." Sikujaribu tena. Shuleni waliendelea kunidai pilipili kwa wiki kadhaa. Nikawaambia zimeisha. Hadithi ya kopo lililoteremshwa mara tatu sijawahi kumsimulia mtu. Hii ndiyo mara ya kwanza, na wewe huwezi kunibeba mabegani.

Zamu yake ikafika, akapasuliwa jicho la kulia. Likapona kiasi, akaanza kutofautisha watu kabla hawajasema. Siku moja nilikuwa naosha vyombo akanitazama muda mrefu, akasema, "Kumbe una chunusi," basi. Mwezi wa kumi na moja akasema anarudi Sengerema, mvua zimeanza, mihogo haijilimi. Asubuhi ya safari nilimbebea begi mpaka chini, hadi gati la kivuko. Tulikaa kwenye ukuta tukisubiri magari yapakiwe. Akafungua pindo la kanga. Ile pilipili ilikuwa imekauka, nyeusi nyeusi, ukiitikisa inalia.

Nilitazama ukutani, nikingoja aiweke. Hakuiweka. Aliukamata mkono wangu, akaufungua, akaikandamiza katikati ya kiganja.

"Bibi, mkononi?"

"Tumeshagombana," akasema. "Itatufanya nini tena?"

Kisha akapanda kivuko, akitembea mwenyewe na fimbo yake, na mimi nikabaki na kiganja kimefumbwa kama mtoto aliyeiba sukari. Mbegu ndani yake zilikuwa kumi na tisa. Sikuzitamia kiunoni, nilizifunga kwenye kitambaa nikaziweka juu ya lile jiwe lililoshika joto, zikaota saba. Moja nikaiua kwa maji mengi. Sita ziko kwenye makopo ya zamani, ambayo miti yake ilishakauka, na lenye bonde liko mlangoni, si juu ya jiwe. Kila mtu anayepita analiona.

Jumapili anapiga simu kwa mama, halafu anasema nipewe.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Zinasemaje?"

Zamani ningesema zimejaa. Sasa nachuchumaa, simu begani, nazihesabu kwa kidole kopo kwa kopo, na ninamwambia kama zilivyo. La kwanza lina nne, zote zambarau. La pili lina wadudu weupe chini ya majani, nimelinyunyizia maji ya sabuni. La tatu halina kitu. La nne ua limedondoka jana. La tano lina mbili, mbichi. Lenye bonde lina saba, moja imeanza njano.

"Saba?"

"Zilikuwa nane. Moja imeanguka yenyewe. Ninayo hapa."

Upande wa pili kuku wake wanasikika.

"Haya, mjukuu," anasema. "Mpe mama yako simu."

Nampa.